Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: umebanwa na maisha na unataka kuacha kufuga wadudu nyumbani

Nimefuga wadudu ndani ya nyumba kwa miaka kama saba hivi. Nilianza na kiboksi kimoja cha nyenje, nikaishia na rafu nzima, halafu kazi ikabadilika, mtoto akazaliwa, na ile rafu ikawa inaniangalia vibaya kila nikipita. Tangu nimeacha watu wananiuliza maswali yale yale kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Naongelea hobi ndogo tu, maboksi mawili matatu mpaka rafu moja, mambo ya ufugaji wa biashara siyaingilii.

Nitajuaje kama muda wa kuacha umefika, isije ikawa uvivu wa wiki moja tu?

Uvivu wa wiki moja kila mtu anao. Mi huwa naangalia hivi: unafungua kifuniko harufu ya amonia inakupiga puani, maiti zimekaa humo mpaka wenzao wameanza kuzila, sponji ya maji imekauka na hukumbuki uliilowesha lini mara ya mwisho, na kubwa kuliko yote ukikumbuka wale wadudu unasonya. Ikienda hivyo mwezi mzima ujue ulishaacha zamani, bado kukubali tu.

Kwangu ilikuwa nyenje. Nilihamishiwa zamu za usiku, narudi asubuhi nalala kama gogo, siku ya nne, ya tano, najiambia wikiendi ntafanya usafi, wikiendi nayo ikapita. Siku ya nane nafungua boksi nakuta wamebaki kama thelathini kati ya mia tatu na ushee, na hao thelathini wamenona kweli kweli, maana nyenje wakikosa maji na chakula wanalana. Nilikaa pale sakafuni muda mrefu kidogo.

Kama bado una shaka, wiki moja andika dakika unazotumia kweli, sio unazodhani unatumia. Boksi la nyenje linataka mkono wako kila siku au kila baada ya siku moja, mabuu wa unga (wale wa njano wanaokuja kuwa mbawakawa weusi) wanaweza kukaa wiki nzima bila kukuona na wasijali, ila vunjajungu wachanga ndio balaa, kila mmoja anataka kopo lake na mawindo yake hai ya kimo chake, na kifuko kimoja cha mayai kinaweza kutoa watoto zaidi ya mia. Ukijumlisha ukaona hizo dakika huna, basi huna.

Si ni wadudu tu? Kwa nini nisiwamwage nje usiku wajitafutie?

Hili naulizwa kuliko yote, na jibu ni usifanye hivyo, tafadhali.

Kulikuwa na jamaa mmoja Mfaransa anaitwa Étienne Léopold Trouvelot, msanii, alikuwa anaishi Medford, jimbo la Massachusetts huko Marekani, na hobi yake ilikuwa kufuga nondo wanaotoa hariri nyuma ya nyumba yake. Mwishoni mwa miaka ya 1860 akaleta kutoka Ulaya nondo aina ya Lymantria dispar, wachache wakamtoroka. Miaka kama ishirini baadaye viwavi walikuwa wamefunika kuta na miti ya mtaa ule mpaka jimbo likaanzisha kampeni ya kuwatokomeza, wakashindwa, na hadi leo, miaka zaidi ya 150, viwavi wale bado wanakula majani ya misitu ya huko. Trouvelot mwenyewe akahamia kwenye elimu ya nyota, akawa maarufu kwa michoro yake ya sayari na jua. Yaani mwenye hobi aliacha akaenda kutazama mbinguni, wadudu wakabaki huku chini na majirani zake.

Sasa we utasema wako ni wachache. Mdudu kijiti (yule mwembamba anayefanana na kijiti cha mti) anayefugwa zaidi duniani, Carausius morosus, asili yake India, leo anaishi porini Afrika Kusini na California pia, na jike wake hahitaji dume hata mara moja, anataga mayai mwenyewe yanatoka majike kama yeye. Kwa mdudu wa namna hiyo "wachache" ni neno lisilo na maana, mmoja anatosha.

Na upande wa pili ni kwamba hao wasiosumbua mazingira watakufa tu, tena vibaya. Mdudu aliyezaliwa kwenye boksi la nyuzi 28 mwenye chakula mbele ya mdomo, ukimtupa kwenye baridi na ndege asubuhi yake, umemwua kwa njia ndefu halafu ukageuza uso usione. Bora ufanye mwenyewe kwa haraka, nimeeleza chini huko.

Na kama niliwakamata hapa hapa nje, sio wa kigeni?

Hapo kuna nafasi. Kama ni wale wale uliowakamata, hawajakaa karibu na wadudu wa kununua, hawana dalili ya ugonjwa, msimu ni ule ule na unawarudisha pale pale ulipowatoa, sawa. Kizazi cha pili au cha tatu kilichozaliwa kwako mi sirudishi.

Naanzia wapi hasa?

Kwenye mayai. Watu wanahangaika na wakubwa, wanatafuta nani awachukue, kumbe huku nyuma kizazi kipya kinaanguliwa kila wiki, ni kama kukausha sakafu bomba liko wazi. Funga bomba kwanza.

Kwa nyenje toa kile kikopo cha udongo au mchanga wenye unyevu wanaotagia, na hakikisha hamna sehemu nyingine yenye unyevu humo maana watataga hata kwenye sponji ya maji, kwa hiyo mpe maji kwa vipande vya karoti na uvitoe kila siku. Kwa mabuu wa unga chuja, tenga mbawakawa wakubwa na pumba waliyokuwa wanaishi, kwa sababu mayai yako kwenye hiyo pumba na huwezi kuyaona, yanajishika na vumbi. Wadudu vijiti fagia sakafu ya kizimba chao kila siku mbili tatu. Nondo wa hariri ni rahisi kuliko wote, wakishatoka kwenye vifukofuko wanataga kwenye karatasi uliyowawekea, unakunja karatasi.

Wenye mende wa Madagaska, wale wakubwa wanaotoa mlio kama nyoka, hamna kifuko cha mayai cha kutoa. Jike anabeba mayai ndani ya mwili na watoto wanatoka wakiwa hai, kwa hiyo dawa ni kutenganisha madume na majike leo hii, na ujue jike ambaye ameshapandwa ataendelea kukuletea watoto miezi kadhaa baada ya dume kuondoka. Dume utamjua kwa vinundu viwili kama vipembe juu ya kifua na papasi zenye manyoya, jike kifua chake laini.

Nikishafunga uzazi, inachukua muda gani mpaka waishe wenyewe?

Hapa ndio watu wanashangaa. Tarehe ya kuacha hupangi wewe, anapanga mdudu uliyenaye.

Nondo wa hariri ni kama miezi miwili jumla: siku kumi hadi kumi na nne yai, mwezi hivi akiwa kiwavi anakula majani ya mforosadi bila kupumzika, wiki mbili tatu ndani ya kifukofuko, halafu nondo mwenyewe anaishi wiki moja hivi, hali kitu na hawezi kuruka. Huyu anakuacha yeye kabla hujamwacha. Nzi chuma, wale weusi wa kula mabaki, nao ni wa haraka, mzunguko mzima unaweza kuwa wiki sita kukiwa na joto.

Nyenje wa nyumbani kwenye joto la nyuzi kama 30 wanakua kwa wiki sita hadi nane, halafu wakubwa wanaishi miezi miwili hivi. Kwa hiyo ukitoa kikopo cha mayai leo, hesabu miezi minne ndio utazima balbu ya kuwapa joto. Ukipunguza joto ukidhani unawaharakisha kufa unakosea, unawachelewesha tu kukua na kelele zinaendelea.

Mabuu wa unga wanakudanganya. Unaona wametulia unadhani wanaisha, kumbe buu kwenye chumba chenye ubaridi anaweza kukaa miezi na miezi kabla ya kuwa pupa, halafu mbawakawa anaishi miezi miwili mitatu na jike anataga mamia ya mayai. Nusu mwaka, wakati mwingine mwaka. Wale mabuu wakubwa zaidi, Zophobas, wakiwa wamesongamana hawageuki pupa kabisa mpaka umtenge mmoja mmoja, kwa hiyo hao ukiwaacha pamoja hawazai, wanazeeka wakiwa mabuu.

Mbawakawa kifaru wakubwa, kama Hercules, buu peke yake anakaa ardhini mwaka mmoja mpaka miwili. Mende wa Madagaska miaka miwili mpaka mitano. Na chungu, ndugu yangu, malkia wa Lasius niger aliwahi kuishi kifungoni zaidi ya miaka 28. Ukinunua malkia ukiwa shule ya sekondari unaweza kumrithisha mtoto wako. Ndio maana mwenye koloni la chungu akiniambia "nitasubiri waishe" huwa namwambia hapana, huyo tafuta wa kumpa.

Sitaki kuacha kabisa, nataka kupunguza tu. Inawezekana?

Ndiyo, na kusema kweli wengi ndio wanachohitaji. Mtu ana aina sita, anachoka na sita, anaua zote, miezi mitatu baadaye anajuta. Baki na moja, tena iwe ya polepole.

Nnayoipenda mimi ni kundi la madume watupu wa mende wa Madagaska. Hawazai, hawarukiruki, hawaimbi usiku, watatu au wanne kwenye boksi lenye sehemu za kujificha kila mmoja, unabadilisha maji na kuweka kipande cha mboga mara mbili kwa wiki, basi. Watagombana kidogo kwa vichwa, wanasukumana kama wanaume kwenye mlango wa basi, mara nyingi hawaumizani. Ukisafiri siku tano hamna kitakachoharibika. Nyingine ni kundi dogo la vijiti, watano, ilimradi unafagia mayai.

Usichague vunjajungu kama mdudu wa watu bize. Watu wanadhani kwa sababu ni mmoja tu kwenye kopo basi ni rahisi, ila yeye anakula hai, na ili awe na chakula hai itabidi ufuge wadudu wengine, umerudi pale pale.

Je nikiwaweka kwenye friji wakalala mpaka mambo yatulie?

Mabuu wa unga tu. Kwenye nyuzi kama 7 mpaka 10 wanapoa, wanaacha kukua, wanaweza kukaa wiki nyingi, ila kila baada ya wiki moja au mbili watoe siku moja wale na wanywe kwenye karoti ndio uwarudishe. Zophobas ukiwaweka friji wanakufa, usije ukawachanganya kwa sababu wanafanana. Nyenje, mende wa kitropiki, vijiti wengi, hapana. Na andika kwenye kontena kwa herufi kubwa, maana kuna siku mtu wa nyumbani kwangu alifungua akidhani ni mabaki ya jana, hiyo amani ilichukua muda kurudi.

Nani atawachukua?

Kwanza wenzako wanaofuga, hao ndio wanajua wanachopokea. Pili wenye mijusi, vyura, ndege au kuku, hao watawachukua kwa furaha kwa sababu ni chakula, na hapo lazima uwe mkweli na nafsi yako, kama umempa jina yule mende mkubwa usimpeleke kwa mwenye mjusi halafu uanze kumuuliza anaendeleaje. Tatu walimu wa sayansi, wao wanapenda nondo wa hariri na vijiti, ila muulize mwalimu likizo nani anabaki nao, maana koloni nyingi za shule zinafia likizo.

Kabla ya kutoa mtu aambiwe yote. Jina la kisayansi kama unalijua, wamezaliwa lini, wanakula nini, joto gani, kama kuna utitiri au ukungu, kama kuna kundi lililokufa hapo karibuni bila sababu. Na kama nyumba ilipuliziwa dawa ya wadudu hivi karibuni au uliwalisha majani ya kando ya shamba usilojua limepigwa nini, hao wasiende kulisha mnyama wa mtu.

Toa na boksi, na hita, na kila kitu. Mtu anayepewa wadudu bila kifaa anawaweka kwenye ndoo "kwa leo tu".

Naweza kuuza badala ya kugawa?

Unaweza, lakini kama umebanwa, kuuza ni kazi nyingine unajiongezea. Mtu anabishana nawe siku nne halafu haji. Mi niliuza vifaa, wadudu nikagawa.

Kuwatuma kwa posta au kumpa msafiri avuke nao mpaka?

Ndani ya nchi yako uliza kwanza sheria inasemaje, nje ya nchi usijaribu bila vibali. Marekani hata kusafirisha chungu kutoka jimbo moja kwenda jingine kunataka kibali cha idara ya kilimo. Na 2025 huko Kenya vijana wawili wa Ubelgiji walishtakiwa na kuhukumiwa baada ya kukutwa na maelfu ya chungu kwenye mirija midogo, wengi wakiwa malkia, kwa hiyo ule usemi wa "nani atajali chungu" umeshapitwa na wakati. Mpe mtu wa karibu, mkononi.

Hamna anayewataka. Nawauaje bila kuwatesa?

Baridi. Wadudu hawatengenezi joto la mwili kama sisi, wakipoa wanapungua kasi mpaka wanazima. Wengi wetu tunawaweka friji masaa kadhaa kwanza mpaka watulie kabisa, ndio wanahamia friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, siku tatu nzima, na wenye miili mikubwa kama mbawakawa kifaru wiki. Usiwaweke kama rundo kwenye mfuko mmoja mnene, wadudu wengi wakikaa pamoja wanapashana joto na wale wa katikati wanachelewa, watandaze wembamba kwenye kontena bapa. Usiwatoe baada ya saa moja ukaona hawasogei ukadhani tayari, wapo wanaoamka wakipata joto, nimeshaona kwa macho yangu mende aliyekuwa "marehemu" anatembea juu ya meza.

Dawa ya kupulizia hapana. Inachezea neva, anatapatapa muda mrefu chali, na boksi lako halitafaa tena kufugia kitu. Kuwazamisha nako hapana, mdudu anaweza kufunga matundu yake ya kupumulia akakaa humo majini muda mrefu kuliko unavyofikiria.

Kama wanasikia maumivu? Mwaka 2022 kundi la watafiti wakiwemo wa Queen Mary University of London walipitia ushahidi uliokuwepo, wakasema kwa mende na nzi waliokomaa ushahidi ni mzito, kwa makundi mengine ni mdogo zaidi au haujatafutwa vya kutosha. Mimi hiyo inanitosha kuwafanyia kana kwamba wanasikia, hainipunguzii kitu.

Na mayai?

Mayai ndio yanayowaumbua watu. Ya mdudu kijiti yanafanana na mbegu ndogo ngumu, hata yana kikofia juu, na porini kuna chungu wanayabeba kwa sababu ya hicho kikofia wakidhani ni mbegu. Yanaanguliwa baada ya miezi miwili, minne, wakati mwingine zaidi. Nilimpa mtu vijiti vyangu vyote, nikaosha kizimba, nikasahau. Miezi mitatu baadaye nakuta kitoto chembamba kama uzi kinatembea ukutani nyuma ya rafu, kesho yake viwili, kumbe mayai yalikuwa yamedondoka kwenye ufa wa sakafu. Niliokota kumi na tisa kwa jumla.

Kwa hiyo kila ulichofagia, udongo, majani, vumbi la chini, kipitishe friza wiki moja halafu mwagia maji yanayochemka ndio utupe. Kuna mayai yameumbwa kuvuka majira ya baridi, ya nondo wa hariri kwa mfano, hivyo friza peke yake siiamini, maji ya moto ndio mwisho wa maneno.

Ule unga wa kinyesi chao naweza kuweka kwenye mimea?

Ni mbolea nzuri sana hiyo, usitupe. Shida ni mayai na mabuu wadogo waliobaki ndani. Chekecha, kisha upashe joto. Ulaya kanuni yao ya 2021 kwa mbolea ya wadudu inayouzwa inataka nyuzi 70 kwa saa nzima, na nyumbani trei nyembamba kwenye oveni inafanya kazi hiyo, madirisha wazi maana harufu utaijua. Vaa barakoa.

Mbona nimeanza kupiga chafya na kuwashwa nikiwahudumia?

Mzio. Unatokea kwa wafugaji wengi wa mende, nyenje na mabuu wa unga, na una tabia ya kukua polepole, mwaka wa kwanza hamna kitu, wa tatu macho yanavimba. Ni vumbi la kinyesi na magamba wanayojivua. Protini zao zinafanana na za kamba na wa jamii yao wa majini, kwa hiyo mwenye mzio wa hao awe makini zaidi, na ukiona kifua kinabana usinisome mimi, nenda hospitali. Siku ya usafi wa mwisho ndio vumbi linakuwa jingi kuliko siku zote, lowesha kwanza kwa chupa ya kupuliza maji kabla ya kufuta, barakoa, glavu, madirisha.

Maboksi na zile trei za mayai ya kuku wanamojificha nifanyie nini?

Trei za karatasi choma au tupa, usimpe mtu. Kuna kirusi cha nyenje wa nyumbani kilichofagia mashamba ya Amerika Kaskazini mwaka 2009 na 2010, wafugaji wengine wakafunga biashara, na virusi vya familia ile ni vigumu kufa, vinakaa kwenye vitu. Plastiki osha kwa sabuni na maji ya moto, loweka kwenye maji ya klorini, suuza, anika juani mpaka harufu iishe. Hita na kipimajoto futa tu. Mbao zinazonuka achana nazo.

Mtoto analia, nimwambie wamerudi porini?

Usimwambie hivyo. Atakuja siku moja kumwaga kitu nje akijua ni wema. Wangu alikuwa mdogo hajaelewa, ila mpwa wangu alikuwa na miaka sita na wale vijiti alikuwa anawahesabu kila akija, tulimwambia ukweli kwamba mjomba hana muda na wanaenda kwa mtu mwenye muda, akauliza "huyo mtu anajua yule mguu mmoja?" tukaenda naye kuwakabidhi, akamwonyesha mwenyewe yule aliyepoteza mguu.

Waliotoroka watavamia nyumba?

Inategemea. Mende wa Madagaska mmoja aliyepotelea nyuma ya kabati hatazaa nyumba nzima, anahitaji joto na unyevu na mwenza. Mabuu wa unga angalia vyakula vikavu, unga na nafaka, viweke kwenye makopo yanayofunga. Nyenje utamsikia tu, dume mmoja nyuma ya friji anaweza kukuimbia wiki tatu. Chungu wafanyakazi bila malkia hawaanzishi koloni.

Nimewasahau mpaka wakafa wote. Nijisikieje?

Vibaya kidogo, inatosha. Safisha leo, usiliache boksi limefungwa mwezi mwingine kwa sababu unaogopa kulifungua. Hilo najua watu wanalifanya.

Na siku nikipata nafasi tena?

Andika sasa hivi wakati bado unakumbuka, joto lipi lilifanya kazi, walikufa lini na kwa nini, ulitumia dakika ngapi kwa siku. Weka karatasi ndani ya boksi safi, funga. Kifaa kikikaa mwaka bila kuguswa mpe mtu.

Mi sijarudi. Nina wale madume watatu tu wa Madagaska, walikuwa wanne, mkubwa wao sasa ameshakula miaka, vikanyagio vya miguu vimeanza kukatika kama inavyowatokea wakizeeka, ukuta wa plastiki hapandi tena. Nimemwekea gome la mti limelala ili asihangaike kupanda, na kila jumatano na jumapili usiku, mtoto akishalala, nafungua naweka karoti karibu na pale anapojificha.